Katibu Aliyetoka kwa Mlango wa Nyuma

Ukitaka kujua alizaliwa wapi na babu yake alikuwa nani, kaulize kwao Ikuti. Siku ya mazishi walisoma hayo yote mpaka mvua ikawakatiza. Mimi nasema niliyoyaona. Nilimwona akikwangua kopo la rangi kwa kisu cha kumenyea ndizi mpaka bati likalia. Nilimwona akifunika picha ya mwenzake kwa mwavuli, yeye mwenyewe akilowa chapachapa. Na nilimwona akimpoteza mchoraji wake bora siku ileile alipompata kuwa mke wa mwanawe. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu, mimi ambaye shule niliiacha mara tu nilipojua kusoma, nikaenda kuchuma chai.

Tulimwita Katibu. Chama chetu cha wachoraji pale Bulyaga, mjini Tukuyu, kilikuwa na mwenyekiti pia, lakini mwenyekiti alikuwa mtu wa kukaa kitini. Aliyefungua mlango alikuwa Katibu. Aliyefagia, aliyeomba maji kwa jirani, aliyepanga mabenchi, aliyekwenda ofisi ya kata kusema tusifukuzwe kwenye lile ghala la zamani la kahawa, wote hao ni yeye mmoja. Hakuna aliyemlipa. Ukimuuliza anapata nini, anasema, "Napata kelele zenu."

Mchoraji wake bora ni mjukuu wangu Tusekile. Usiseme bibi huyu anajisifu. Najisifu, ndiyo. Mtoto nimemlea mimi kule Lupepo, na alianza kuchora na mkaa kwenye ukuta wa jiko langu kabla hajajua kujifuta kamasi. Mkaa nilikuwa nafuta, naye anachora tena. Tukafika mahali nikachoka kufuta.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilikwenda pale kugombana. Kila Jumamosi magugu yananisonga mahindi, na yeye yuko mjini, eti yuko chamani. Nikapanda bodaboda na jembe langu mkononi, nikaingia nalo hivyohivyo ili wajue nimetoka wapi.

"Nani mkubwa hapa?"

Mzee mmoja akainuka kutoka sakafuni alikokuwa anakoroga rangi. Miguuni viatu vya mvua, shingoni tai. "Mkubwa hajafika, bibi. Mimi ni katibu tu."

"Basi wewe katibu tu, mjukuu wangu ana kazi nyumbani."

"Kazi gani?"

"Palizi."

"Naona na wewe una hasira."

"Ninayo!"

"Basi kaa hapa uichore. Ikiisha mwende wote shambani."

Nikakaa. Mpaka leo sijui ni nini kilichonikalisha. Labda ni ile tai. Akanipa brashi na kipande cha kadibodi, nami nikachora ng'ombe, maana hasira sikujua inafananaje. Alipopita akainama, akatazama muda mrefu kama daktari. "Mbuzi wako amenenepa vizuri, bibi," akasema. Ghala zima likacheka, na Tusekile akacheka mpaka akajificha nyuma ya mwenzake. Mahindi mwaka ule yalipaliliwa na Mungu.

Sasa ujue jambo la ajabu. Katibu hakujua kuchora. Zamani alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha chai, na alichoweza kuchora ni jani la chai tu, yale majani mawili na ncha yake. Alichora hilo kwenye makopo, kwenye mabenchi, kwenye vumbi kwa kidole cha mguu. Mama Subi, fundi cherehani wetu, mwenye mdomo kuliko mashine yake, alimwambia mbele ya watu, "Katibu, kinyozi mwenye kipara atamnyoa nani?" Katibu akamjibu, "Kinyozi mwenye kipara ndiye asiyekuonea wivu nywele zako."

Jicho alikuwa nalo. Wengine tulichora, yeye aliona. Alikuwa akikaa benchi moja na Tusekile, kimya, mikono magotini, halafu ananyoosha kidole. "Hapa umeona. Hapa umekumbuka tu. Futa ulichokumbuka." Mtoto anafuta. Mara ya kwanza alilia usiku kucha, akasema mzee yule ni mkatili. Jumamosi iliyofuata aliamka kabla ya jogoo.

Rangi tulikuwa hatununui. Katibu alizunguka kila mahali panapojengwa, Tukuyu yote, akiuliza mafundi, "Mmemaliza? Kopo hilo mnalitupa?" Mafundi walimjua kwa viatu vyake. Akija wanaambizana, "Ficheni makopo, chama kimefika," lakini walikuwa wanamwekea. Kwa hiyo sisi tulichora kwa rangi ya nyumba za watu. Msimu mmoja mafundi walipaka milango mingi ya bluu, basi msimu huo kila kitu chetu kikawa bluu. Migomba bluu, bibi harusi bluu, ng'ombe bluu. Tukapanga picha zetu pembeni mwa soko, na mwanaume mmoja mwenye nguo nzuri akasimama mbele ya ng'ombe wangu akacheka. "Mzee, Rungwe hii ng'ombe wa bluu yuko wapi?"

Katibu hakucheka. "Amka mapema siku ya ukungu, mwanangu. Atapita."

Yule mtu akaingiza mkono mfukoni. Halafu akamnunua yule ng'ombe wangu. Mimi! Nilikwenda nyumbani nikiwa nimetembea katikati ya barabara.

Alikuwa bahili, na alikuwa mkarimu, na sijui yupi kati ya hao wawili alikuwa yeye. Ukiacha brashi bila kuosha anaweza kukunyima salamu. Tone la rangi nyeupe likidondoka sakafuni analichota kwa jani. Lakini mwenzetu mmoja, mchuma chai, alipovunjika mguu akashindwa kuja, Katibu alimpelekea rangi kwa miguu mpaka kwao, akakaa naye akichora, akarudi na yale mabaki. Nikamuuliza, "Si ungemwachia tu?" Akasema, "Nikimwachia nitakwenda tena kwa kisingizio gani?"

Watoto wakati wa likizo aliwachoresha sakafuni kwa mkaa, ghala zima, halafu jioni wanaosha wote kwa ndoo. Mzazi mmoja akalalamika kwamba mtoto harudi na kitu nyumbani. "Amerudi na mikono," Katibu akasema. Na kanisani alikuwa anaimba kwa sauti mbaya kabisa, mbele, bila woga, kana kwamba Kyala, Mungu wetu, ni kiziwi. Lakini radi ilimtisha. Ikipiga, anasimama katikati ya ghala mbali na madirisha, ameshika tai yake, anajifanya anafikiri.

Alipenda kukosana na desturi. Wazee walisema wanawake wasipande ngazi, yeye akawapandisha. Walisema kuchora mtu aliyekufa ni mkosi, yeye akamwambia Mama Subi amchore marehemu mumewe, na Mama Subi akamchora, na mume akatoka ana sura nzuri kuliko alivyokuwa. Ndiyo maana jambo ninalotaka kusema lilinishangaza.

Katibu alikuwa na kijana wake, Lusajo, dereva wa gari dogo la maparachichi. Kijana alikuwa anatubebea mabenchi na picha. Nikaona anabeba sana. Nikaona benchi la Tusekile linabebwa kwa mikono miwili kama yai. Nilitabasamu tu, maana nilimtaka awe mkwe wetu. Familia nzuri, mzee mzuri, na mtoto wangu atakuwa karibu na mwalimu wake siku zote. Hivyo ndivyo nilivyowaza, kwa kichwa changu hiki.

Wakaja kuposa. Ng'ombe tulizungumza mpaka ng'ombe wenyewe wangechoka kusikia. Blanketi la mama tulizungumza, la bibi, yaani mimi, tulizungumza mara mbili. Wajomba walikula mbalaga, ndizi zetu za kupika, wakaramba vidole. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Jumamosi hakuna aliyeikumbuka.

Wewe ambaye si wa kwetu nikueleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hapiti njia anayopita mzee, hataji jina lake, hasemi naye. Wakikutana ghafla anajifunika nguo na kuchutama pembeni mpaka mzee apite. Si chuki. Ni heshima, na pia ni woga kidogo, watu wanasema watoto hawatakaa salama. Siku hizi wengi wameacha, utawaona kanisani benchi moja. Lakini ukoo wa Katibu kule Ikuti haukuacha, na sote tulilijua hilo. Tulilijua kama unavyojua kwamba kuna jiwe njiani, na bado unalipiga kwa dole gumba.

Jumamosi ya kwanza baada ya harusi nilikuwa nimeshakaa. Katibu yuko katikati anatandika magazeti sakafuni. Tusekile akaingia anacheka na mtu wa nje, kibegi cha brashi begani, kama siku zote. Akamwona. Yule mtoto alivuta kitenge usoni akarudi kinyumenyume mpaka kwenye mvua, tukasikia brashi zikimwagika barazani.

Katibu alibaki ameinama na gazeti mkononi. Kisha akalilaza taratibu, akalinyoosha kona, akachukua mwavuli wake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikasimama nikapiga kelele nje, "Ingia, mama, amekwenda!" Akaingia amelowa, akakaa kwenye benchi lao. Hakuchora. Alikuwa anatazama ile nafasi pembeni yake.

Siku ya pili yake nilikwenda Ikuti. Sikubisha hodi vizuri.

"Wewe mkwe," nikamwambia, "umemwambia Mama Subi achore maiti. Umewapandisha wanawake ngazi. Leo mtoto wangu anakimbilia mvuani kwa ajili yako, unatoka kimya kama mwizi wa kuku. Vunja hili jambo. Mchungaji mwenyewe anasema si dhambi."

"Najua si dhambi."

"Basi?"

Alikuwa anamenya kiazi. Akamaliza kukimenya. "Mkwe, nikilivunja mimi, watu watasema Katibu ni mtu wa kisasa. Watacheka, watasahau. Yeye je? Mtoto wake akikohoa, ni yeye. Mimba ikichelewa, ni yeye. Mke wangu mwenyewe atamtazama kwa jicho la pembeni. Mimi nitavunja, na vigae vitamkata yeye."

Nikaokota maganda ya kiazi chini, nikayatupa nje.

"Kwa hiyo ataacha chama?" nikauliza.

"Nani kasema?" Akakitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakanirukia. "Nitaacha mimi Jumamosi."

Ndivyo alivyofanya. Akawa katibu asiyehudhuria chama chake. Alifika alfajiri, akafungua, akafagia, akakoroga rangi, akatandika, akapanga brashi za kila mtu mahali pake. Tusekile akikaribia, bodaboda wa kona anapiga honi, na Katibu anatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuomba makopo mjini. Jioni tukishatawanyika anarudi kutazama. Picha alizoona bado, aliziacha zimegeuzwa uso ukutani. Zilizokamilika alizigeuza zitazame mlango. Basi. Hakuacha neno. Na sisi wiki iliyofuata tunakimbilia ukuta kama watoto wanaotafuta matokeo. Picha yangu ikitazama mlango naimba. Mama Subi yake ikiwa imegeuzwa anasema, "Mzee huyu haoni siku hizi," kisha anaichukua na kuanza kurekebisha.

Za Tusekile aligeuza ukutani karibu zote. Nilimwambia Katibu anamwonea. Akasema, "Yako nikiigeuza utakasirika, utaacha. Yake nikiigeuza anarudi kuitazama." Na kweli. Mtoto alikuwa anaisimamia picha iliyogeuzwa kwa muda kabla ya kuigusa, kama anasikiliza. Alijifunza kwa ule ukuta. Lakini niliona pia anavyotazama mlango wa nyuma kila honi inapolia.

Watu walitucheka, usidhani. "Chama gani hicho katibu anakimbia wanachama?" Sokoni mama mmoja wa viazi aliniuliza kama mkwe wangu anadaiwa. Nikamwambia ndiyo, anadaiwa heshima, na anailipa, wewe lipa ya kwako.

Halafu ikaja kazi ya zahanati. Wauguzi walituomba tupake ukuta wa mahali wanaposubiri akina mama wenye watoto wachanga, maana ulikuwa wa kijivu na watoto wanalia wakiuona. Kazi ya kujitolea, chakula ni ndizi za kuchemsha na chai. Kazi kubwa vile bila Katibu haiwezekani, na bila Tusekile haiwezekani pia. Tukagawana: Katibu upande wa mbele, Tusekile upande wa nyuma, na mimi katikati kwenye kona, mlinzi. Mzee akitaka kupita anakohoa. Mimi naita, "Anapita!" na mtoto anachutama nyuma ya ndoo. Akishapita naita, "Amepita!" Akina mama waliokuja kupima watoto walidhani ni mchezo. Kuna mtoto alianza kuita na yeye, "Anapita! Anapita!" hata pasipo mtu, na Tusekile maskini anachutama bure.

Siku ya mwisho mvua ilikuwa imenyesha, udongo unateleza kama bamia. Tusekile alikuwa juu kabisa kwenye ngazi ya mianzi, anamalizia majani ya mgomba chini ya paa. Katibu alishaondoka. Mimi nikaacha kona yangu nikaenda kusaidia kubeba ndizi. Kumbe mzee alisahau mwavuli, akarudi, na kwa kuwa alijua ameshaondoka, hakukohoa.

Nilitokea na sufuria nikawaona wote wawili. Yeye amekunja kona. Mtoto yuko juu, hana pa kuchutama. Akajifunika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa ule mtikisiko ngazi ikaanza kuteleza. Taratibu, mguu mmoja unazama, mwingine unakimbia. Mimi mikono imejaa sufuria.

Katibu aligeuka. Akampa mtoto mgongo, akaenda kinyumenyume, haraka, viatu vya mvua vikipiga tope, mpaka mgongo ukagonga ngazi. Akapitisha mikono nyuma akazishika nguzo mbili, akakaza miguu. Na uso wake akauelekeza kwenye mlima Rungwe, akautazama kama mtu aliyeitwa kuukagua. Mlima wenyewe ulikuwa umefunikwa na ukungu, hata kivuli chake hukioni.

"Mkwe!" akaniita, bila kugeuza shingo. "Mwambie aliyeko juu ashuke polepole. Ngazi imeshikwa."

"Shuka, mama," nikasema. "Ngazi imeshikwa."

Alishuka na brashi mdomoni, kitenge usoni, anapapasa kila kidato. Rangi nyeupe ilimdondokea mzee begani, tone, tone, hakusogea. Mtoto alipokanyaga chini akakimbia nyuma ya jengo. Katibu akaachia ngazi, ngazi ikaanguka puu. Akaokota mwavuli wake akaenda zake.

Jioni pale Mama Subi akaanza, "Haya jamani, mkwe wetu amekuwa ngazi!" Tulicheka mpaka chai ikatupalia. Wazee wa ukoo nao walikaa kuuliza kama mwiko umevunjwa. Mzee mmoja akamaliza maneno: "Mgongo hauna macho." Wakanywa maziwa yao wakatawanyika.

Nilitaka niishie hapo. Ungekuwa mwisho mzuri. Lakini miguu ya Katibu ikavimba, na moyo, walivyosema hospitali, ulikuwa umechoka. Hakuweza tena kupanda kutoka Ikuti. Ghala tukalifungua wenyewe, tukalifagia vibaya. Picha zikabaki pale ukutani zilivyoachwa na wenyewe. Hakuna wa kuzigeuza.

Tusekile akaja kwangu Lupepo na kibegi chake cha brashi, akakiweka mezani. "Bibi, mpe Mama Subi."

"Kwa nini?"

"Nachora, lakini ni kama kumwimbia ng'ombe. Kila mtu anasema nzuri. Nzuri, nzuri! Hata mkisema mia, hakuna anayeona." Akafuta macho kwa kiganja. "Na yeye yuko pale, bibi, hatua chache tu kutoka jikoni kwangu. Chakula chake napika mimi. Namsikia akikohoa. Siwezi hata kumuuliza kama chumvi imezidi."

Kibegi sikumpa Mama Subi. Nilikibeba, nikaenda nacho Ikuti.

Alikuwa amelala chumba cha pembeni chenye dirisha la kutazama migomba, ameegemea mito. Tai hakuwa nayo, ndipo nikajua ugonjwa ni wa kweli.

"Ugonile, Katibu."

"Ndaga, mkwe. Umekuja kuniona au kunigombeza?"

"Vyote."

"Anza na kugombeza, ndiko unakokuweza."

"Mtoto ameacha kuchora."

Akajiinua kidogo kwenye mito. "Kuna kazi aliyoiacha katikati?"

"Ipo. Ameifunika gunia jikoni kwake."

"Ilete. Na yeye mwambie mama mkwe wake ana maharage ya kubambua. Akae nayo hapo nje, chini ya dirisha. Mtu hakatazwi kubambua maharage."

Nikaileta. Ilikuwa kubwa kama mlango. Wanawake wa chai wamepanga mstari kwenye mizani, mvua inanyesha, vikapu mgongoni. Niliiegemeza kwenye kitanda upande wa miguu. Nje nikasikia kigoda kikiburutwa, kisha maharage yakaanza kuanguka kwenye ungo, ta, ta, ta.

Katibu akaitazama. Kisha akanitazama mimi, na akapaza sauti kuliko ilivyohitajika.

"Sasa wewe mkwe, hii picha yako."

Yangu! Nikataka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. "Ndiyo, yangu," nikasema.

"Vikapu vyako ni vizito. Nimepima chai maisha yangu yote, nauona uzito. Lakini shingo za hawa akina mama ni nyepesi. Kwa nini?"

"Sijui, Katibu."

"Umewaonea huruma. Umeogopa kuwachosha. Sasa wamebeba mzigo bila kuubeba, umewanyang'anya kazi yao. Wachoshe. Hawatakuchukia."

Maharage yalikuwa yanaanguka polepole.

"Na mvua hii unainyesha kwa adabu mno. Mvua ya Tukuyu haina adabu. Na huyu wa mbele anacheka nini kwenye mizani? Kwenye mizani hakuna anayecheka, karani yuko pale." Akapumzika, akahema. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, haji ndani, haendi. "Lakini huyu wa mwisho," Katibu akasema, na sauti ikashuka, kisha akakumbuka akaipandisha tena, "huyu wa mwisho mwenye gunia kichwani, mguu mmoja anaukanyagia pembeni. Huyu usimguse. Hapa sina neno. Huyu ni mtu kamili, namsikia hata harufu ya moshi."

Nikainama nikatazama. Ule mguu naujua. Unaniuma mpaka leo kila baridi ikizidi. Nikasahau kwamba picha ni yangu.

Yeye akaendelea kunitazama mimi, macho hayajatoka usoni kwangu hata kidogo, kwa heshima zake zote.

"Kwa hiyo nikuulize, mchoraji. Kazi hii unaimaliza lini?"

Nikafungua mdomo. Nilishaandaa la kusema, lolote. Nje maharage yalikuwa yamenyamaza.

"Jumamosi, Tata."

Sauti ilitoka chini ya dirisha, kwenye migomba, ndogo, imekwaruzika, lakini imetoka. Uji ulimwagika mlangoni. Tangu harusi, neno lake la kwanza kwa mzee, tena amemwita baba. Katibu hakugeuka dirishani. Alibaki ananitazama mimi, machozi yakimshuka mpaka shingoni.

"Jumamosi," akasema. "Haya. Ndaga fijo."

Si mimi niliyeshukuriwa. Mama mkwe akaokota kikombe chake sakafuni, akakitazama, akasema uji upo mwingine, akaenda jikoni bila kumgombeza mtu. Na nje, baada ya muda, maharage yakaanza tena kuanguka.